Nani Ameshika Mkasi

Vita vya Maji Maji vilianzia kwenye shamba la pamba. Mwishoni mwa Julai 1905, huko Nandete katika milima ya Umatumbi, watu waliingia katika shamba walilolazimishwa kulima wakang'oa miche, na kitendo hicho kikawa ndiyo tangazo la vita. Nandete leo iko wilaya ya Kilwa. Lakini Ngarambe, alikokaa mganga Kinjekitile Ngwale na maji yake ya dawa, iko Rufiji, upande uleule wa kusini mwa mto Rufiji iliko kata ya Mbwara. Mohoro, ambako Wajerumani walimnyonga Kinjekitile tarehe 4 Agosti 1905, iko Rufiji vilevile. Shuleni tulifundishwa habari hii kwa upande wa maji na risasi. Mimi naishika kwa upande wa pamba, kwa sababu historia ya sindano katika nchi hii ya Rufiji haielezeki bila hiyo.

Gavana wa Wajerumani, Götzen, alitaka kila jumbe awe na shamba la pamba la pamoja. Akida alisimama na kiboko, watu wakalima siku walizopangiwa, huku nguruwe wakimaliza mahindi na mpunga wao nyumbani. Pamba ikachambuliwa, ikapakiwa melini, ikaenda viwanda vya Ulaya. Nguo za viwandani zikaletwa pwani, zikauzwa kwa fedha ambayo mlimaji hakulipwa ya kutosha kuinunulia hata shuka moja. Aliyelima hakuamua apande nini, hakupanga bei, wala hakuchagua avae nini. Walipong'oa ile miche walikuwa wanakataa mambo hayo yote kwa pamoja.

Naanza mbali hivi kwa makusudi. Siku hizi mtu akitaja ushonaji na maendeleo vijijini, picha inayokuja ni ya cherehani zimepangwa mstari mbele ya ofisi ya kata, utepe, mgeni rasmi, na akina mama wamevaa fulana za mradi. Baada ya miaka miwili ukiuliza cherehani ziko wapi, mbili zinafanya kazi na nyingine ziko stoo. Tunasema wanawake hawakuwa na bidii. Nimeliangalia jambo hili kwa muda mrefu na sikubaliani na hukumu hiyo. Katika pwani yetu sindano imebadilisha maisha ya watu mara kadhaa, na kila mara ilifanya hivyo pale mwanamke mwenyewe alipoamua kitambaa kikatwe vipi na kiungwe na nini. Pale alipopewa mashine tu, bila uamuzi, hakikubadilika kitu.

Chukua mkeka. Wanawake wa Rufiji walikuwa washonaji kabla cherehani ya kwanza haijavuka mto. Mkeka wao hausukwi mzima. Kwanza miyaa, majani ya kusukia, huchanwa na kuanikwa, mingine ikatiwa rangi kwenye sufuria inayochemka, ndipo mwanamke anasuka ukili: utepe mwembamba, mrefu pima kwa pima, ambao anauviringisha kadiri unavyoongezeka. Kusuka ukili ni kazi inayokwenda na kazi nyingine. Utamkuta mama yuko kwenye dungu lake katikati ya shamba la mpunga, anawafukuza ndege, mtoto yuko pembeni, na vidole vinasuka bila yeye kuviangalia. Kushona ni jambo jingine. Siku ya kushona anakaa chini, anachukua shazia, sindano ile kubwa ya chuma, na anaanza kuunga ukili kwa ukili, upande kwa upande, mpaka mkeka upate upana wake. Hapo ndipo uamuzi unapofanyika. Wekundu ukae karibu na zambarau, au weupe uwe katikati? Mistari ikutane au ipishane? Mashariti yaende vipi? Mkeka wa kulalia wa kila siku hushonwa haraka. Mkeka wa harusi, au wa mgeni, au wa kumtolea mwali nje, hushonwa na mtu anayejua kwamba wanawake wenzake watauangalia na kusema, huu ni wa fulani. Hakuna saini juu yake, na haihitajiki.

Ninapoeleza hili kwa watu wa mjini huniambia hiyo ni sanaa ya asili, yaani wanaiweka kwenye kabati la makumbusho. Lakini tazama kilichotokea Unguja katika miaka ya 1870 na 1880. Maduka yalikuwa yanauza leso, vitambaa vya mraba vilivyokuja katika jora bila kukatwa. Wanawake wakaanza kununua leso sita kwa pamoja. Wakazikata vipande viwili vya leso tatu tatu, wakaviunga ubavu kwa ubavu kwa sindano, wakapata nguo moja kubwa ya kujifunga ambayo hakuna mfanyabiashara aliyekuwa ameifikiria. Hiyo ndiyo asili ya kanga. Viwanda vya ng'ambo vilikuja kuiga baadaye, vikaanza kuchapa nguo nzima yenye pindo na mji, kwa sababu wanawake walishaonyesha wanachokitaka. Sidai kwamba kanga ilitoka kwenye mkeka. Nasema tu kwamba mwanamke aliyezoea kuunga ukili hangeshangaa kuona leso zikiungwa.

Na ni nani hasa waliokuwa na hamu kubwa ya nguo mpya? Hapa Rufiji tunapaswa kulijua jibu, maana lilipita katika ardhi yetu. Sultani Barghash wa Zanzibar alipolazimishwa na Waingereza kupiga marufuku biashara ya watumwa baharini mwaka 1873, wafanyabiashara wa Kilwa hawakuacha. Waligeuza njia, wakawapitisha mateka kwa miguu kuelekea kaskazini, kuvuka Rufiji, mpaka Sultani alipopiga marufuku misafara ya nchi kavu pia mwaka 1876. Mtumwa alijulikana kwa nguo. Alivaa kipande cha merikani, kitambaa kizito kisicho na rangi kilichopewa jina la Marekani kilikotoka, kwani meli za Salem, Massachusetts, ndizo zilizokileta kwa wingi. Au alivaa kaniki, yaani merikani iliyotiwa nili mpaka ikawa na weusi wa buluu. Kichwa wazi, miguu wazi. Viatu, kilemba na kanzu safi vilikuwa vya waungwana.

Utumwa ulifutwa kisheria Unguja mwaka 1897, na huku bara ya Tanganyika tulisubiri mpaka 1922. Sheria iliandikwa ofisini. Watu wa kawaida waliiandika miilini mwao kwa kuvua kaniki. Wanawake waliokuwa watumwa walijinyima wakanunua doti ya kanga, na wakaanza kudai miundo mipya kila baada ya muda mfupi hata wafanyabiashara wakahangaika kuwafuata. Wanaume wakashona kanzu na kuvaa kofia ambazo wake zao na dada zao walizitoboa na kuzidarizi kwa mkono, tundu kwa tundu, kwa majuma na miezi. Mtoto aliyezaliwa miaka ile hakuweza tena kumtazama mtu barabarani akajua babu yake alikuwa mali ya nani. Sijui badiliko kubwa zaidi ya hilo lililofanywa na uzi na kitambaa katika pwani hii, na halikuwa na mfadhili.

Maneno juu ya kanga yalikuja baadaye kidogo, mwanzoni mwa karne ya 20. Sifa hupewa mfanyabiashara wa Mombasa, Kaderdina Hajee Essak, ambaye kanga zake zilijulikana kama mali ya Abdulla. Nampa heshima yake. Ila wanunuzi walikuwa wanasema kwa nguo muda mrefu kabla yeye hajawachapia herufi.

Sasa niseme juu ya Bibi Titi Mohamed, kwa sababu Rufiji ina haki naye. Alizaliwa Dar es Salaam mwaka 1926, katika ukoo wa Kimatumbi, na baadaye akawa mbunge wa Rufiji mpaka alipoangushwa katika uchaguzi wa 1965. Mwaka 1955, alipopewa kazi ya kuwaingiza wanawake katika chama cha TANU, hakuanzia kwenye ofisi. Alianzia kwenye vikundi vya ngoma, ambako yeye mwenyewe alikuwa mwimbaji. Vikundi vile vilikuwa na viongozi, vilikuwa na michango, na vilikuwa na sare: wanawake thelathini wamevaa kitambaa kimoja, kimenunuliwa kwa fedha waliyochangishana wenyewe, wakishindana na kikundi cha mtaa wa pili. Serikali ya kikoloni iliona ngoma. Haikuona kwamba wanawake wanaoweza kukubaliana juu ya kitambaa kimoja, kukusanya fedha, kumlipa fundi na kutokea siku moja wamevaa sawasawa, wana chama tayari. Ndani ya miezi michache maelfu ya wanawake walikuwa na kadi.

Wakati huohuo, maofisa wa maendeleo ya jamii walikuwa wakifungua klabu za wanawake zenye masomo ya usafi, mapishi na kushona. Nia ilikuwa njema na ujuzi ulibaki. Bibi wengi walijifunza kupiga pindo huko. Lakini ukilinganisha mambo mawili haya, klabu ya kushona na kikundi cha ngoma chenye sare, ni wazi lipi lilileta uhuru. Katika klabu, mwalimu alileta kielelezo na wanafunzi wakakifuata. Katika kikundi, wenyewe waligombana, wakachagua.

Miaka iliyofuata napita haraka. Kiwanda cha Urafiki kilifunguliwa Ubungo mwaka 1968 kwa msaada wa China, na kwa muda tulivaa pamba yetu iliyofumwa hapa. Mwanzoni mwa miaka ya 1980, baada ya vita vya Uganda na kupanda kwa bei ya mafuta, nguo ziliadimika kabisa. Wazee wa Rufiji wanaikumbuka foleni ya duka la ushirika na wanawake waliogawana kanga moja ya kutokea, huyu akirudi ndipo yule atoke. Biashara ilipolegezwa katikati ya muongo ule, mitumba ikafurika. Iliwavisha watu, na siwezi kuwabeza waliofurahi. Ila mafundi wengi waligeuka kuwa wa kubana na kupunguza, na wengine walifunga.

Walioendelea ndio hawa tulio nao leo. Nenda Kibiti, nenda Ikwiriri, au panda pikipiki mpaka Mbwara siku ya soko. Barazani kuna cherehani nyeusi ya Butterfly ya kukanyaga, kwa kuwa ya umeme haina maana mahali ambapo umeme ni wa kubahatisha, na huko kwenye delta ya Rufiji watu wanategemea paneli ya jua inayotosha taa na simu. Pembeni kuna pasi ya mkaa, chaki, futi shingoni, mkasi mkubwa ambao fundi hamwazimi mtu. Ukutani pamebandikwa kalenda ya mishono, na siku hizi simu inafanya kazi hiyo: binti anakuja na picha ya gauni aliyoiona mtandaoni, anasema nataka hivi, lakini mkono uwe hivi, na hapa mgongoni pasiwe wazi kwa sababu ya babu.

Katika sentensi hiyo moja kuna mambo mengi ya maisha yake. Kuna anachokitamani, kuna anayemheshimu, kuna mpaka anaouweka mwenyewe. Fundi mzuri husikia yote matatu na kuyatia katika kitambaa cha kitenge cha yadi nne. Sioni kwa nini tuite kazi hiyo ndogo.

Zamani aliyekaa kwenye baraza hiyo alikuwa mwanaume. Fundi wa pwani, Mswahili au Mhindi, alikuwa mwanaume, na wanawake walishona ndani: kofia, mashuka, mikeka. Kwamba leo mwanamke anakaa barazani hadharani, anapima kifua cha mwanaume kwa futi, anamtajia bei na kumwambia arudi Ijumaa, ni badiliko ambalo limetokea polepole hata hatukuliona. Alipokaa pale, alianza pia kusikia habari za biashara, kufungua akaunti ya simu, kuingia kikoba, na kuwa mtu ambaye wengine wanamkopa. Mama fundi akiongea kwenye mkutano wa kijiji, husikilizwa.

Kuna upande mchungu, nao lazima usemwe. Kwa miaka mingi msichana aliyepata mimba akiwa shuleni alifukuzwa, na jibu lililokuwa midomoni mwa watu lilikuwa: akajifunze cherehani. Mwaka 2017 kauli ya juu kabisa ya serikali ilisisitiza kwamba harudi darasani. Novemba 2021 waraka wa elimu ukamruhusu arudi, na hilo lilikuwa jambo la haki. Lakini katika miaka ile ya katikati cherehani iligeuzwa kuwa faraja ya aliyefungiwa mlango, na ufundi wenyewe ukashushwa hadhi, kana kwamba ni kazi ya walioshindwa. Binti anayekaa kwenye mashine akiwa ameambiwa kwamba hafai kwingine atajifunza kushona mstari ulionyooka. Hatajifunza kubuni.

Yupo aliyelishughulikia jambo hili kwa njia tofauti. Huko Gulu, kaskazini mwa Uganda, Sista Rosemary Nyirumbe alianza kuongoza kituo cha Mtakatifu Monika mwaka 2001, katikati ya vita vya waasi wa Joseph Kony. Wasichana waliotekwa na waasi hao kisha wakatoroka porini walikuwa na watoto mgongoni, hawakuwahi kumaliza shule, na vijijini kwao waliitwa wauaji. Aliwafundisha kushona. Hakuwafundisha kwa sababu hawawezi kitu kingine. Aliwafundisha kwa sababu mikono ile ile iliyolazimishwa kushika bunduki ilihitaji kutengeneza kitu na kukiona kimekamilika jioni. Wakashona nguo, kisha mikoba iliyotengenezwa kwa vifungulio vya makopo ya soda, ikauzwa mpaka Marekani. Watoto wao walilelewa palepale kituoni. Jarida la Time lilimweka sista huyo kati ya watu 100 wenye athari kubwa duniani mwaka 2014. Mimi kilichonigusa ni hicho cha watoto. Somo la ushonaji ambalo halina mahali pa kumlaza mtoto linamfukuza mama mara ya pili.

Rufiji na Kibiti nazo zina majeraha yake. Kati ya mwaka 2015 na 2017 viongozi wa vijiji na askari waliuawa katika wilaya hizi na Mkuranga, watu wakawa hawatoki jioni, pikipiki zikazuiwa usiku. Wajane na yatima wapo mpaka sasa. Aprili 2024 mafuriko makubwa yakaja yakachukua mashamba na nyumba. Kwingine majeraha kama haya yameshonwa. Huko Chile, baada ya mapinduzi ya 1973, wanawake ambao waume na watoto wao walitoweka mikononi mwa askari walikaa pamoja katika kumbi za kanisa wakashona vipande vya nguo kuukuu juu ya magunia: nyumba, milima, foleni, na mtu asiyekuwepo mezani. Kazi zile zilitolewa nje ya nchi kwa siri na kuueleza ulimwengu yale ambayo magazeti hayakuweza kuandika. Sisemi Kibiti ni Chile. Nasema kwamba wanawake wa huku wana ujuzi wa kuunga vipande kuliko karibu watu wote ninaowajua, na hakuna aliyewahi kuwapa ukumbi, kitambaa na muda wa kushona habari za miaka ile kwa namna wanayotaka wao. Natamani nilione hilo kabla wanaokumbuka hawajaondoka.

Basi, twende kwenye linalowezekana kesho. Sheria inazitaka halmashauri zitenge asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo isiyo na riba: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana, 2 kwa watu wenye ulemavu. Mikopo ilisimamishwa mwaka 2023 ili utaratibu urekebishwe, ikarejea mwaka uliofuata. Chuo cha Maendeleo ya Wananchi cha Ikwiriri kipo. Mafundi wapo. Kinachokosekana ni kazi ya uhakika, na kazi hiyo iko mbele ya macho yetu kila Januari. Ada ya shule za serikali ilishafutwa, lakini sare bado ananunua mzazi, na sare nyingi hununuliwa zikiwa zimeshonwa tayari Dar es Salaam, zikaletwa kwa roli, zikachanika magotini ifikapo Mei.

Kwa hiyo naomba mambo mawili kwa madiwani na wakurugenzi wa Rufiji na Kibiti. Sare za shule za msingi na sekondari za kata zishonwe na vikundi vya kata hiyohiyo, kwa mkataba ulioandikwa na bei inayojulikana, ili mkopo wa cherehani uwe na mahali pa kurudishiwa. Na katika kila kikundi kinachokopeshwa, kadi ya mashine iandikwe jina la mwanamke anayeikanyaga, kitambaa anunue yeye, na mkasi awe nao yeye.